Siku ya Tatu Mpe Jembe: Tulivyoupima Mji wa Nairobi Kabla ya Kuuhamia



Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii kwa kawaida huambiwa mwenyeji, ajue lini karamu imekwisha na kazi imeanza. Lakini mgeni naye ana fungu lake ndani yake. Mtu anayefikiri kuuhamia mji hawezi kuujua kwa siku mbili za kuandaliwa biriani na kupelekwa kutazama majengo. Sharti akae mpaka siku ya tatu, aliombe jembe kwa kinywa chake mwenyewe, aulime mji ule walau ngwe moja, apate kuujua udongo wake.

Kwa nia hiyo tulikwenda Nairobi katika likizo ya Agosti, sisi mume na mke, pamoja na wanetu watatu: binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 9 na mdogo wao wa miaka 5. Twayaandika haya kwa kuwa twajua nyumba nyingi za pwani zimo katika fikira kama zetu. Kazi imepatikana bara, wazee wako pwani, watoto wako katikati. Na mara nyingi shauri hukatwa kwa simu mbili na picha tatu za nyumba.

Maswali mawili ya bibi

Kati yetu wawili, mume ni mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na mke hushona nguo za kike na kuoka vileja vya kuuza. Mwezi wa Juni kampuni ilimpa mume nafasi katika ofisi yake ya Nairobi, yenye mshahara mkubwa zaidi, ikamtaka jibu kabla ya Septemba kwisha. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kukataa. Ya pili ni mume kwenda peke yake na kurudi kila mwisho wa mwezi, kama wafanyavyo wanaume wengi wa pwani. Ya tatu ni kuhama sote. Njia ya pili huonekana nyepesi, kwa kuwa haimhamishi mtu ila mmoja. Lakini tumeona mitaani kwetu watoto wanaomjua baba yao kwa sauti ya simu, wakamwonea haya akiingia mlangoni. Hatukuitamani.

Tulimkalisha mamaye mume, ambaye twaishi naye katika nyumba ya familia Kibokoni, tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho huku akizungusha tasbihi yake. Hakuuliza mshahara ni kiasi gani. Aliuliza mambo mawili tu.

“Mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, mtamgongea nani mlango? Na mimi nikifa huko, nani ataniosha?”

Kisha akasema kwamba tukimletea majibu yenye watu ndani yake, si yenye maneno matupu, yeye hatakuwa kizuizi. Tukaondoka Mombasa tukiwa na maswali hayo mawili kama mtu aliyetumwa sokoni na karatasi ya vitu vya kununua.

Njia ya kwenda bara

Tulipanda gari la moshi asubuhi pale Miritini. Reli hii mpya ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na safari ya kilomita zipatazo 480 kwa barabara, ambayo kwa basi ilikuwa ikila usiku mzima, sasa huchukua saa tano au sita kwa reli. Tuliiacha minazi, tukaingia nyika ya Taru, kisha Tsavo, ambako reli imeinuliwa mahali pengi ili wanyama wapite chini yake. Watoto walihesabu ndovu waliojipaka vumbi jekundu. Sisi tulimwonyesha binti yetu upande wa chemchemi za Mzima, ambazo maji yake huletwa kwa bomba mpaka Mombasa. Akasema, “Kumbe twatawadha kwa maji ya bara siku zote.” Tulilipenda neno hilo, tukaliweka.

Njiani tulikumbushana pia kwamba kuhama huku si kwa leo. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1899 ikafika mahali penye kinamasi ambapo Wamasai walipajua kwa maji yake baridi. Kambi ya mafundi wa reli ikawa kituo, kituo kikawa mji, na mnamo 1905 serikali ya kikoloni ikahamisha makao yake makuu kutoka Mombasa kwenda huko. Mombasa ina zaidi ya miaka mia moja ya kuagana na watu waendao Nairobi. Kilichobadilika ni mwendo wa gari tu.

Siku mbili za biriani

Tulifikia South C, kwa dadaye mke, ambaye ameolewa huko miaka mingi. Kwa siku mbili tulikuwa wageni kamili, na hatukuona haya kukirimiwa. Tulipelekwa Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, wenye minara miwili na kuba tatu katikati ya zogo la mji, jirani na maktaba ya McMillan ya mwaka 1931. Tulisali adhuhuri hapo. Mke na binti waliona jinsi wanawake wanavyoingia kutoka maofisini na madukani, wakasali, wakavaa viatu, wakarudi kazini bila ya kuchelewa. Kwetu pwani wanawake wengi husali majumbani, kwa kuwa nyumba haiko mbali. Nairobi nyumba iko mbali, kwa hiyo msikiti umewafanyia wanawake nafasi. Hilo tuliliandika upande wa mema.

Usiku wa pili tuliwashukuru shemeji zetu, tukawaomba ruhusa ya kuachwa. Tulitaka kuamka kama watu wenye kazi, kupanda matatu kama watu wasio na gari, na kula kama watu wanaotazama bei. Walicheka, lakini walituelewa. Ndipo likaja jembe.

Alfajiri ya mji wa baridi

Jambo la kwanza lilikuwa maji. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Agosti bado ni baridi. Mbingu hufunga kijivu tangu asubuhi, na manyunyu hushuka bila ya radi wala ishara. Kutawadha alfajiri ni kazi inayotaka nia. Mdogo wetu alilia siku ya kwanza, siku ya pili akanyamaza, siku ya tatu akadai aachiwe birika la maji ya moto kama mzee. Tulitazama hayo kwa makini zaidi kuliko tulivyoutazama Msikiti wa Jamia, kwa sababu mamaetu ana maumivu ya magoti, na baridi haimwonei mtu huruma kwa kuwa ni mpole.

Jambo la pili lilikuwa kibla. Mombasa twaelekea kaskazini karibu sawasawa, kwa kuwa Makka iko juu yetu kwenye ramani. Nairobi kibla hupinda kidogo kuelekea mashariki. Na kwa kuwa mji ule uko magharibi kuliko wetu, jua lake huchwa baadaye. Jioni ya siku ya nne binti yetu alimpigia bibi yake simu, akamkuta amekwisha kusali magharibi ilhali dirishani kwetu jua lilikuwa bado liko. Tofauti haikuzidi robo saa. Binti aliikata simu, akakaa kimya, kisha akasema, “Hatutafuturu pamoja naye.” Mtoto alikuwa ameipima safari kwa kipimo ambacho sisi hatukukifikiria, nacho kilikuwa sahihi.

Nyumba mbili

Tulizitazama nyumba nyingi, zikabaki mbili. Dalali mmoja alitutoza fedha kabla ya kutuonyesha chochote, kisha akatuzungusha kwenye milango iliyofungwa. Hilo tunalitaja ili mwingine ajihadhari, asitoe shilingi kabla hajauona mlango ukifunguliwa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa upande wa Athi River. Ilikuwa mpya, ya vyumba vitatu vya kulala, na roshani yenye upepo, na kisima chake chenyewe, na kiwanja cha watoto kuchezea. Nyumba ya pili ilikuwa Pangani, katika jengo la zamani, ghorofa ya pili, vyumba viwili, ngazi nyembamba, jiko la kuingia mtu mmoja akitoka mwingine. Kodi zao zilikuwa sawa. Kwa mtu anayetazama picha, hakuna la kufikiri.

Lakini tulikuwa na jembe mkononi. Siku ya tano tuliondoka mapema, tukafika kwenye lango la nyumba ya kwanza saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, tukapanda matatu kama mfanyakazi apandavyo. Tulifika katikati ya mji saa mbili kasoro. Jioni tukarudi kwa njia ile ile, tukafika giza limeshuka, isha imekwisha adhiniwa. Mume akahesabu: saa nne au zaidi za kila siku barabarani. Mtu huyo angehama na mke na watoto, kisha akawaona wamelala. Ile njia ya pili tuliyoikataa, ya baba wa kwenye simu, ingeturudia kwa mlango wa nyuma.

Tulibisha hodi pia katika milango ya majirani. Saa kumi na moja za jioni jengo zima lilikuwa kimya. Mlinzi wa lango, mtu mwema, alitwambia kwamba wakazi wengi hutoka kabla ya kucha na kurudi usiku, naye huwajua kwa namba za magari yao. Hatusemi kwamba watu wale ni wabaya au hawana mapenzi. Twasema kwamba hawapo. Na mlango hugongwa kwa mtu aliyepo.

Pangani tulikwenda mara tatu: asubuhi, baada ya alasiri, na usiku baada ya isha. Mara ya pili, mama wa mlango unaotazamana na ule tuliokuwa tukiufikiria alitufungulia, akaangalia watoto, akauliza, “Mwataka kuhamia?” Tuliposema ndiyo, hakutusifia mtaa. Alituambia kwamba maji ya mfereji hayaji kila siku, kwa hiyo tununue tangi kabla ya kununua kochi. Akatuambia tusishike simu mkononi tukipita barabara kubwa. Akatuambia kelele za magari haziishi, na kwamba mwenye nyumba ni mzito wa kutengeneza vitu lakini hana matusi. Tulimwamini kwa sababu alianza na mabaya. Waarabu wana msemo wao, jirani kabla ya nyumba, na mara ile tuliuona ukitembea na khanga begani.

Majina yanayojulikana

Kuna jambo lililotushangaza kuhusu upande ule wa mji. Pangani ni jina la mji wa pwani ya Tanga. Mwanzoni mwa mji wa Nairobi hapo palikuwa na kijiji ambamo Waislamu wa Kiswahili walikuwa wengi, mpaka kikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakapelekwa mitaa kama Shauri Moyo. Karibu yake iko Pumwani, yenye mitaa mikongwe ya Waislamu. Iko Kariokor, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Na upande mwingine wa mji, Kibra ilianza kama makazi ya askari Wanubi, Waislamu waliotoka Sudan.

Tuliwasomea watoto majina haya kwenye vibao vya matatu. Mvulana akauliza kama watu waliohamishwa kwenda Shauri Moyo waliulizwa shauri lao. Tukamwambia kwamba hilo ndilo linalotufanya sisi tukae chini na kushauriana, kwa kuwa tumepewa nafasi ambayo wengi hawakuipata: ya kuchagua.

Lakini majina hayatoshi kuilinda lugha. Binamu zao wa South C ni watoto wenye adabu, wanasali na wanajua Kurani. Ila ukiwasemesha Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza, na wao kwa wao huzungumza Sheng. Walimpenda sana binti yetu, wakawa wakimuuliza maswali ili tu wamsikie akijibu, kama watu wasikilizao redio. Siku ya kwanza alifurahi. Siku ya sita alianza kujibu kwa maneno machache. Tuliliona hilo. Mtoto anayechekwa kwa lugha yake, hata kwa mapenzi, huificha. Na inayofichwa muda mrefu husahauliwa. Tulikubaliana kwamba tukihama, Kiswahili kitakuwa sharti la nyumba kama vile viatu kuvuliwa mlangoni, na kwamba kila likizo ndefu watoto watarudi Mombasa.

Shule, jiko na riziki

Tulizungumza na walimu wakuu wa shule mbili. Tuliuliza mambo yaliyo wazi: hijabu yaruhusiwa vipi, wavulana hufanyaje siku ya Ijumaa, somo la dini ya Kiislamu lina mwalimu au lina nafasi tu kwenye ratiba. Swali hili la mwisho ndilo lililotufaa zaidi. Katika shule moja tulijibiwa kwa jina la mwalimu na siku zake. Katika nyingine tulijibiwa kwa tabasamu.

Madrasa nayo hubadilika. Kwetu Kibokoni mtoto hutoka shule, akala, akaenda chuoni kwa miguu, akarudi kabla ya magharibi. Nairobi umbali na foleni za magari havimruhusu kila mtoto kufanya hivyo, na wazazi wengi huwapeleka watoto Jumamosi na Jumapili, au huchagua shule zinazofundisha elimu zote mbili chini ya paa moja. Ni taratibu nzuri, lakini humaanisha kwamba siku za kazi mzazi ndiye ustadhi. Asiyeliweka hilo katika hesabu yake atashtuka baada ya mwaka.

Jikoni mke alifanya hesabu yake mwenyewe. Nazi zipo, ila bei si ya Marikiti. Samaki wa baharini hupatikana soko la City Market kwa anayejua kuchagua. Kwingineko ni samaki wa Ziwa Victoria, nao wana ladha yao. Nyama ya mbuzi na maziwa ni vizuri kuliko kwetu. Embe na mahamri ya barabarani, hapana.

Kwa upande wa kazi yake, mke alikuwa amechukua makopo mawili ya vileja kutoka Mombasa. Siku ya saba alipanda matatu namba 9 mpaka Eastleigh pamoja na dadaye, akavionjesha katika maduka manne. Matatu yalishukuru. La nne lilitaka paketi ishirini kila wiki kwa majaribio. Huko huko aliona vitambaa vya kushonea vikiuzwa kwa jumla, kwa bei ambayo Mombasa yeye hununulia rejareja. Riziki ya mke huulizwa mwisho katika shauri za kuhama, au haiulizwi kabisa. Ilhali yeye ndiye anayewapoteza wateja aliowakusanya mlango kwa mlango.

Jibu la swali la pili

Siku ya nane yule mama wa Pangani alimchukua mke kwenye darsa ya wanawake katika msikiti wa mtaa. Baada ya darsa mke aliwaambia kwamba ana mama mkwe Mombasa, na amemtuma swali. Akalisema kama lilivyo.

Hakuna aliyecheka. Walimwambia wana chama cha kufa na kuzikana, na kila mmoja hutoa mchango kila mwezi. Majina ya wanawake wanaojua kuosha maiti yamebandikwa nyuma ya mlango wa chumba chao, pamoja na namba za simu, na sanda huwekwa tayari kabatini. Makaburi ya Waislamu ya Kariokor hayako mbali, na siku ile ile mume alikwenda kuwazuru waliolala hapo na kuwasomea dua. Aliporudi alisema pamejaa majina ambayo yangeweza kuwa ya mtaa wetu.

Bibi mmoja mzee, mzaliwa wa Pumwani, alimshika mke mkono wakiagana, akamwambia: “Mwambie mamako asiwe na wasiwasi. Hapa twaosha kwa maji ya moto. Baridi yetu twaijua.”

Hesabu tuliyoipiga

Tulirudi Mombasa siku ya kumi. Tulimpa mamaetu salamu zile, naye akacheka mpaka akafuta macho, kisha akasema, “Huyo ningependa kumjua kabla hajaniosha.”

Baadaye tukakaa na karatasi. Nyongeza ya mshahara ilipunguka zaidi ya nusu kabla haijafika: Kibokoni hatulipi kodi, Nairobi tutalipa, zipo nauli, maji ya kununua, nguo za baridi, na tiketi za kurudi nyumbani. Kilichobaki ni kizuri, lakini si utajiri. Tunaandika hivi kwa kuwa wengi huilinganisha mishahara bila ya kuilinganisha miji.

Zaidi ya fedha, kuna hasara ambayo hakuna jirani awezaye kuifidia. Mdogo wetu hatajifunza kuogelea pamoja na binamu zake karibu na Bandari ya Kale. Idi ya kwanza tutaamka mahali ambapo hakuna mtu atakayetuita kwa majina yetu ya utotoni. Watoto watakuwa na bibi wa likizo badala ya bibi wa kila siku. Tuliyaandika haya nayo, kwa sababu anayehama bila ya kuitazama hasara yake huikuta njiani na kuiita kosa la mji.

Tulisali istikhara, kila mmoja kwa wakati wake, kwa siku kadhaa. Tuliwauliza pia watoto, hata yule wa miaka 5, ambaye alisema atakubali ikiwa kutakuwa na birika. Binti alisema atakubali ikiwa bibi atakuja kwa Ramadhani, wafuturu kwa saa moja. Katikati ya Septemba mume alipeleka jibu la ndiyo.

Kwa ndugu na dada walio njiani kuamua, wasia wetu ni mfupi. Kaeni zaidi ya siku za ugeni. Ipimeni njia ya kazini kwa saa za kazi, si kwa saa za matembezi. Utazameni mtaa asubuhi, alasiri na usiku. Mwulizeni jirani kabla ya dalali. Aulizwe mke kuhusu riziki yake, na watoto kuhusu hofu yao, na wazee wapewe haki ya kuuliza swali gumu kuliko yote. Na nyumba ndogo yenye mtu wa kugongewa mlango msiidharau mbele ya kubwa isiyo na mtu.

Tumelipa amana ya nyumba ya Pangani, na tangi la maji limekwisha nunuliwa kabla ya kochi. Tutahama Desemba, shule zikifungwa, inshallah. Mamaetu atakuja nasi, ila tangu Juni mpaka Agosti atarudi Kibokoni akae na dadaye mpaka baridi ipite. Ametoa sharti moja tu: nyumba ya Kibokoni isipangishwe mtu. Itafungwa, na ufunguo atakaa nao yeye.